Je, wajua kwa nini taa za gari la zamani huchanganyikiwa baada ya gari kupigwa rangi upya?

Bodi imenyooshwa, rangi inang'aa. Unawasha indiketa ya kushoto, na taa za dashibodi nazo zinapepesa kwa mdundo uleule. Wengi hukimbilia kubadilisha swichi au fyuzi, kumbe mara nyingi mkosaji ni hiyo rangi mpya.

Kwa kawaida taa ya gari hupelekewa waya wa moto tu. Umeme ukishapita kwenye balbu hurudi kwenye betri kupitia bati la bodi, na njia hiyo ndiyo ethi. Rangi haipitishi umeme, kutu nayo ni vivyo hivyo. Sasa kikombe cha taa ya nyuma kimefungwa juu ya rangi, na ndani yake mna balbu ya indiketa na ya taa ndogo, zote zikitegemea ethi moja. Umeme wa indiketa ukikosa pa kutokea, hupita kinyumenyume kwenye uzi wa balbu jirani, ukafuata waya wake hadi kwenye taa ndogo za upande wa pili na za dashibodi, ambako ethi ni nzima. Ndiyo maana zinapepesa.

Kuipima ethi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ni kujidanganya. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, hupitisha mkondo mdogo mno, hata uzi mmoja wa waya uliosalia huiridhisha. Pima volti, taa ikiwa imewaka: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye kikombe cha balbu. Chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ukisoma volti 2, ndizo balbu inazoibiwa. Balbu ya volti 12 ikibakiwa na 10, mwanga wake hushuka karibu nusu. Kisha sogeza ncha ya pili kidogo kidogo kuelekea betri. Pale namba inapoanguka ghafla, umeshaupita ubovu.

Ethi ya injini haina mzaha. Injini imekalia vipande vya mpira visivyopitisha umeme, hivyo huhitaji waya wake mnene hadi kwenye bodi. Ukisahauliwa wakati wa kurudisha injini, starta, ambayo huvuta zaidi ya ampea 100, hurudisha umeme kupitia chuma chochote kilichopo, hata kebo ya klachi au ya akselereta, nayo huchemka hadi kuungua.

Dawa ni kukwangua rangi chini ya bolti mpaka chuma kionekane, kukaza, kisha kupaka grisi juu yake. Inauma kukwaruza rangi mpya, lakini hapo hapaonekani, na ni nafuu kuliko kubadilisha swichi zisizo na kosa.

Angalizo kwa wenye magari ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960: mengi yalifungwa nguzo chanya kwenye bodi, kwa hiyo ncha ya kwanza ya multimita huwekwa kwenye nguzo chanya ya betri.