Nafasi ya umma yenye uhai ni ipi?

Nafasi ya umma ni mahali popote mjini ambapo mtu huingia na kukaa bila kiingilio, bila mwaliko na bila kulazimika kununua chochote: barabara, bustani, uwanja au ufuo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza katika kifungu cha 62 ardhi ya umma ni ipi, lakini sheria haiwezi kutueleza kwa nini bustani moja hujaa watu ilhali nyingine hubaki kuwa njia ya mkato tu.

Wingi wa watu peke yake si kipimo. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark, hutenganisha shughuli za lazima, kama kwenda kazini, na zile za hiari ambazo mtu hufanya kwa kuwa mahali pamempendeza. Kwenye kivuko cha Likoni mjini Mombasa maelfu ya watu husongamana kila siku, lakini ni kwa sababu hawana budi kuvuka. Anayetoka nyumbani na watoto alasiri kwenda bustani ya ufuoni ya Mama Ngina kupunga upepo na kutazama meli zikielekea bandari ya Kilindini hakulazimishwa na mtu, na kwa hiyo yeye ndiye ushahidi kwamba mahali pale pana uhai.

Kinachomfanya mtu akae ni mambo madogo kuliko wanavyodhani wanaopenda minara na chemchemi. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York katika miaka ya 1970 kwa kuwapiga watu picha za filamu, aligundua kwamba watu hukaa zaidi palipo na pa kukaa. Jambo hili laonekana wazi mno hata kuchekesha, lakini ni mara ngapi tunaona bustani iliyopandwa maua, ikazungushiwa ua, isiwekwe hata benchi moja?

Mji wa Kale ulilijua hilo zamani. Baraza za mawe zilizojengwa pamoja na kuta za nyumba humpa kila mpita njia pa kuketi; vichochoro vyembamba hutia kivuli muda mwingi wa mchana; na kwa kuwa milango na madirisha yako hapo hapo, daima pana mtu anayeona kinachotendeka, jambo linaloleta usalama ambao askari peke yake hauleti. Wazee huzungumza, muuza kahawa chungu hupita na dele lake, na mgeni haulizwi amefuata nini. Kwa joto la Mombasa wakati wa kaskazi, kivuli si pambo. Uwanja wa saruji usio na mti hautumiki mpaka jua lizame.

Mama Ngina ilipokarabatiwa mwaka 2019, swali gumu halikuwa sakafu wala taa bali wauzaji wa madafu na mihogo. Baadhi ya watu huwaona kama uchafu wa kuondolewa. Kwa maoni yangu wao ni nusu ya sababu ya watu kwenda huko, na kazi ya mpangaji ni kuwapatia sehemu maalumu, maji na mapipa ya taka, huku njia ya waendao kwa miguu na kwa viti vya magurudumu ikibaki wazi.