Umetoka Bujumbura au Goma, sasa unaendesha Arusha

Nafundisha udereva hapa Arusha, na baadhi ya wanafunzi wangu ni madereva wa siku nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika zinaleta watu mjini, na waliotoka Burundi, Rwanda au Kongo wamezoea kupita kulia. Sisi tunapita kushoto.

Leseni kwanza, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Ile ya kimataifa ni tafsiri tu ya leseni ya kwenu, kwa hiyo tembea nazo zote mbili. Ukihamia kabisa, tafuta ya Tanzania: polisi wanakutahini, TRA (Mamlaka ya Mapato) wanaitoa, na bila TIN, namba ya mlipakodi, hufiki popote. Angalia na daraja la leseni. Leseni ya gari binafsi haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa, hata gari likiwa la shemeji yako.

Foleni ya mjini hainitishi. Unamfuata wa mbele. Hatari ni alfajiri, unatoka sheli, barabara nyeupe, na mikono inakupeleka upande wa kwenu. Usukani ukiwa kulia, wewe dereva ukae jirani na mstari wa katikati, abiria wako akae jirani na mtaro. Ukijikuta mtaroni wewe, umepotea upande.

Kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa barabarani, unawapisha waliomo tayari, wanaokuja kutoka kulia kwako. Macho ya mgeni hukimbilia kushoto, na pale Impala bodaboda hazimsubiri mtu. Halafu indiketa: kwenye magari yetu mengi ya Japani iko mkono wa kulia. Ukiona gari linapangusa kioo jua likiwaka, mpishe tu, huyo anataka kukata kona.

Barabara ya Moshi ina mtego wake. Ukipita kibao cha 50 unabaki 50 mpaka ukute kile kilichokatwa mstari, hata ukiona migomba mitupu. Tochi, kipima mwendo cha polisi, iko mbele. Ukinaswa, "Pole na kazi, afande" inatosha. Usibishane, usitoe hela mkononi. Faini ni 30,000 kwa kosa, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu.

Usipolipa, deni linabaki kwenye gari. Kwa hiyo kabla ya kununua la mkononi, ingiza namba yake kwenye mfumo wa polisi mtandaoni, uone mwenye gari anakuachia nini.