Swichi ya kugeuza mota: inageuza nini hasa?

Swichi hii huifanya mota izunguke mbele au nyuma. Wengi hudhani inabadilisha waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha). Mota ya fezi moja (umeme wa kawaida wa nyumbani) haijali badiliko hilo hata kidogo. Ndani yake mna koili mbili: kuu, na ya kuwashia yenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme). Mwelekeo wa mzunguko hutokana na jinsi koili ya kuwashia inavyoungwa ikilinganishwa na ile kuu. Geuza miisho ya moja tu, mota inarudi nyuma. Geuza zote mbili, hakuna kilichobadilika. (Kwenye fezi tatu mambo ni mepesi: badilishana fezi mbili zozote.)

Kwa hiyo lazima zitoke waya nne kwenye mota. Zikitoka tatu, huenda koili zimeungwa pamoja ndani, na utalazimika kufungua na kuzitenganisha. Kupima ohmu (ukinzani) kwa mita kutakusaidia kuzitambua: koili ya kuwashia kwa kawaida ina ukinzani mkubwa zaidi. Ipime bila kapasita.

Swichi ya mkono yenye ncha sita (sehemu za kufungia waya) mara nyingi huunga 1-2, 3-4 na 5-6 mkono ukiwa upande mmoja. Upande wa pili 1-3, 2-4 na 5-6. Namba hutofautiana, hivyo ipime kwanza ikiwa haijaungwa na kitu. Moto unaingia 5. Kutoka 6 unakwenda koili kuu na pia ncha ya 2. Nyutro inakwenda mwisho wa pili wa koili kuu na ncha ya 3. Koili ya kuwashia, pamoja na kapasita yake, inakaa 1 na 4.

Kosa linaloonekana sana ni kuweka umeme kwenye 1 na 2 badala ya 2 na 3. Fyuzi inakatika upande mmoja tu wa swichi, na fundi anaanza kuilaumu mota.

Mota ikivuma bila kuzunguka, isukume kidogo kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Ikiondoka kuelekea kokote ulikoisukumia, koili ya kuwashia haipati umeme: angalia kapasita, swichi ya ndani inayofunguka mota ikishika kasi, na waya za 1 na 4. Ikivuma upande mmoja tu, safisha au badilisha migusano ya upande huo wa swichi.

Ikiwa inazunguka mwelekeo uleule swichi ikiwa upande wowote, kwanza uliza: ilisimama kabisa kabla ya kugeuzwa? Ikiwa bado ina kasi, ile swichi ya ndani iko wazi, koili ya kuwashia haimo kazini, na mota inaendelea ilikokuwa ikienda. Ikiwa ilisimama, fuatilia waya. Pengine kinachogeuzwa ni umeme unaoingia kwenye koili zote mbili.

Kabla ya kugusa chochote chomoa plagi, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista (kikinza umeme). Kutumia bisibisi huharibu kapasita, na cheche yake si mchezo.