Maji magumu si maji ya chumvi, wala si maji machafu

Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach hadi Kigamboni, "maji ya chumvi" ni jina la vitu vitatu tofauti. Huitwa hivyo maji yanayokataa kutoa povu, maji yenye ladha ya bahari, na wakati mwingine maji yoyote ya kisima ambayo mwenye nyumba hayaamini. Mkanganyiko huu unagharimu. Familia hununua mtambo wa bei kubwa kuondoa kitu kisichomdhuru mtu, huku kile kinachowaharisha watoto kikibaki kwenye tanki.

Maji huwa magumu yanapobeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba. Mabomba ya jiji hulishwa zaidi na Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na maji ya mto hayakai muda mrefu na mawe. Maji ya kisima cha ukanda wa pwani ni habari nyingine. Mvua hunyonya hewa ukaa angani na udongoni, ikawa asidi hafifu, kisha ikapenya kwenye miamba ya matumbawe na kuilamba polepole. Unapoyachemsha maji hayo, hewa ukaa hutoka na jiwe hurudi kuwa jiwe. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ambayo wachoma chokaa wa pwani huyatia tanuruni.

Ugumu huo unaodondoka kwa moto huitwa ugumu wa muda. Upo pia ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloraidi za madini hayohayo, ambao hata ukichemsha mpaka maji yaishe hauondoki.

Maabara hupima kwa miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani ule ukoko wa birika, katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini, na kuanzia 180 ni magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu hadi 300 kwa maji yaliyosafishwa na 600 kwa maji asilia ya kunywa. Upimaji wenyewe ni rahisi kuufuata kwa macho: mililita 50 za maji hutiwa rangi maalumu na kuwa mekundu kama divai, kisha kemikali iitwayo EDTA hudondoshwa tone kwa tone hadi rangi igeuke bluu ghafla. Kwa EDTA ya nguvu ya kawaida, 0.01 M, kila mililita iliyotumika ni miligramu 20 kwa lita. Zikitumika mililita 15, ugumu ni 300.

Nyumbani, chukua chupa mbili safi za nusu lita, moja nusu yake ni maji ya mvua, nyingine nusu yake ni maji yako. Kwangua sabuni ya mche, tia kiasi sawa kila chupa, kama robo kijiko cha chai, tikisa nusu dakika. Maji laini yatajaa povu linalodumu. Maji magumu yatatoa povu kidogo na kuelea ukoga mweupe kama maziwa yaliyokatika. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Je, yanadhuru? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Hofu ya mawe ya figo tunaisikia kila siku, lakini kunywa maji kidogo ni hatari kubwa zaidi kwa figo kuliko kunywa maji magumu. Hasara iko kwenye mfuko. Ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300 humeza zaidi ya gramu 35 za sabuni kabla povu la kufulia halijaanza. Maharage huchelewa kuiva kwa sababu kalsiamu hukaza maganda yake. Ndiyo maana bibi zetu hutia magadi. Kidogo tu kinatosha, maana magadi mengi huharibu vitamini B1, na baadhi ya magadi ya kaskazini yana floraidi nyingi. Kwenye hita, ukoko hufunika elementi, joto likakosa pa kwenda, elementi ikaungua.

Kwa kufua, kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha soda ya kufulia kwa ndoo hiyo ya lita 20 kinatosha. Koroga, acha dakika 15, kisha tia sabuni. Birika lioshwe kwa juisi ya malimau matatu ndani ya nusu lita ya maji: pasha moto, acha dakika 30, suuza mara mbili. Utaona viputo vikipanda. Hiyo ni hewa ukaa ikitoka kwenye chokaa. Malimau au siki visikutane kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi hufanya kazi, ila hubadilishana. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondoka, zinaingia miligramu 46 za sodiamu kwa lita. Nyumba yenye mgonjwa wa presha ibakize bomba la jikoni nje ya mtambo huo.

Chumvi ya kweli ni suala jingine. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini kwa chini na kuingia. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na kuacha chumvi palepale. Pampu kwa saa chache, pumzisha kisima, na kama ladha inazidi mwezi hadi mwezi, tafuta chanzo kingine au mtambo wa kuchuja kwa utando, ukijua kwamba unamwaga sehemu kubwa ya maji unayouingizia.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni vijidudu, kwa kuwa havina ladha. Wakati wa mgao bomba linakuwa tupu, presha inashuka, na palipopasuka maji machafu ya mtaroni huvutwa ndani. Maji yanaporudi, acha ya kwanza yamwagikie kwenye ndoo ya kudekia hadi yatoke meupe bila harufu, ndipo ujaze ya kunywa. Klorini iliyobaki kwenye maji baada ya kusafishwa mtamboni inapaswa kufika bombani kwako walau miligramu 0.2 kwa lita, lakini ikikaa siku kadhaa kwenye simtanki lenye tope hutoweka.

Simtanki lisuguliwe walau mara mbili kwa mwaka. Kwa tanki la lita 1,000, likishasafishwa, lijaze maji, tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, fungua kila bomba mpaka usikie harufu, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga yote na suuza. Maji hayo yasinywewe.

Kalamu za kupimia TDS zinazouzwa mitaani husoma jumla ya madini tu. Maji yenye kinyesi yanaweza kusoma namba nzuri sana. Kisima kilicho karibu na choo kipimwe vijidudu na naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, hasa kama kuna mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu naitreti inayozidi miligramu 50 kwa lita huzuia damu yake kubeba oksijeni.

Sampuli ya madini ijaze chupa safi ya lita moja. Ya vijidudu iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa unayopewa na maabara: choma mdomo wa bomba la chuma kwa kiberiti cha gesi, acha maji yatiririke dakika mbili, kinga bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa sita.