Mwanakondoo si jibu la kila swali

Kila nikisahihisha insha za ushairi wa Ulimbwende (Romantiki, mkondo wa washairi wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19) nakutana na sentensi ile ile: mwanakondoo ni ishara ya usafi wa moyo, waridi ni mapenzi, mvi ni uzee. Mwanafunzi anaweka nukta, anahamia swali linalofuata. Uhakiki wenyewe hata haujaanza. Hizi hapa dhana nne potofu ninazokutana nazo.

Dhana: Usafi wa moyo wa mtoto ni furaha ya asiyejua shida

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, hasa anapotajwa mshairi Mwingereza William Blake. Soma shairi lake la mtoto msafisha dohani (bomba la kutolea moshi nyumbani), la mwaka 1789. Nafsineni, yaani mtoto anayesema ndani ya shairi, amefiwa na mama. Baba amemuuza angali hata maneno hajaweza kuyatamka sawasawa. Analala kwenye masizi. Mwenzake, Tom Dacre, analia akinyolewa nywele zilizojikunja kama mgongo wa mwanakondoo. Anabembelezwa: nyamaza Tom, kichwa kikiwa kipara masizi hayatazichafua nywele zako nyeupe.

Mwanakondoo ndiye huyo, amekwisha kunyolewa. Watoto hawa shida wanaijua kuliko mimi na wewe. Usafi wao ni kule kufarijiana humo humo kwenye masizi, na kuamini ndoto ya malaika mwenye ufunguo anayefungua majeneza. Kukipambazuka wanabeba mifuko na brashi zao wakiambiana kwamba anayetimiza wajibu hapatwi na dhara. Hapo msomaji akasirike, maana maneno hayo yanamfaa anayewatumikisha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1788 ilikataza kuwachukua watoto walio chini ya miaka 8 kwa kazi hiyo, lakini usimamizi wake ulikuwa dhaifu.

Mwaka 1794 Blake akairudia mada: kitu kidogo cheusi katikati ya theluji, wazazi wake wamekwenda kanisani kusali. Mtoto huyu anajua ni nani waliomvika nguo za mauti. Weupe umegeuka baridi. Blake aliyaunganisha mashairi hayo katika kitabu kimoja na kuyaita hali mbili zinazopingana za nafsi ya binadamu. Ni hali, si umri. Ndiyo maana nasisitiza kila kipindi: tambua kwanza nani anasema na anasema na nani, ndipo uiguse ishara.

Dhana: Waridi ni mapenzi, basi

Mshairi wa Uskoti Robert Burns alimfananisha mpenzi wake na waridi jekundu lililochanua Juni, katika wimbo uliochapwa 1794. Mwaka huo huo Blake akatoa waridi gonjwa, linaloliwa na mnyoo arukaye usiku, na kinacholiua ni penzi la siri.

Dhana: Washairi wa Ulimbwende walikufa vijana, uzee hawakuujua

Keats alikufa na miaka 25, Shelley 29, Byron 36. Blake je? 69. Wordsworth, 80. Tena utenzi wake wa kuulilia mng'ao wa utoto uliopotea aliuanza 1802, akiwa na miaka thelathini na kitu tu.

Dhana: Mvi ni huzuni

Katika wimbo wa Burns kuhusu John Anderson, mke anakumbuka nywele za mumewe zilivyokuwa nyeusi kama kunguru. Sasa ni theluji, naye anakibariki kichwa hicho. Kilima walikipanda pamoja, wanakishuka wakipepesuka, wameshikana mikono. Theluji hii inabarikiwa. Ile ya mtoto wa dohani inagandisha. Asiyeionyesha tofauti hiyo kwa mishororo, alama simpi.