Tairi la akiba nje ya gari: dhana potofu na ukweli

"Lincoln Continental, gari la kifahari la kampuni ya Ford, ndilo lililoanzisha kubeba tairi la akiba nje."
Lilikuta mambo tayari. Magari mengi ya mwanzo yaliuzwa bila tairi la akiba. Mwaka 1904, mjini Llanelli, Wales, ndugu Walter na Tom Davies walibuni gurudumu la Stepney: rimu isiyo na spoku, tairi lake limeshajazwa upepo, ikibanwa kando ya gurudumu lenye pancha. Baadaye gurudumu zima likafungwa nyuma, au likawekwa kwenye madigadi za mbele, kama kwenye magari ya kifahari ya Marekani, Packard na Duesenberg, ya miaka ya 1930. Buti zilipopanuka, likafichwa ndani. Edsel Ford, rais wa kampuni ya Ford, ndiye aliyelitoa tena nje kwa makusudi, alipomwagiza mbunifu Bob Gregorie amtengenezee gari la kwenda nalo mapumzikoni Florida mwaka 1939. Mwaka 1940 Continental likaingia sokoni, na mtindo ukabaki na jina hilo.

"Penye nundu ya duara kwenye buti pana tairi."
Kwa Continental Mark II ya 1956 na 1957, ndiyo: tairi limesimama chini ya nundu hiyo hiyo. Kwa Mark IV ya miaka ya 1970 ni bati lililofinyangwa tu. Duara la Virgil Exner, mbunifu wa Chrysler, kwenye buti ya Valiant ya 1960 nalo ni pambo; wenye utani waliliita kifuniko cha choo, na kusema kweli linafanana.

"Ni urembo tu, gari haliathiriki."
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ford Thunderbird ya 1955 ilibeba tairi ndani. Ya 1956 ikalitoa nje ili mizigo ipate nafasi. Ya 1957 ikarefushwa nyuma na tairi likarudi ndani. Tatizo la kulitoa nje ni uzito. Piga hesabu: seti (tairi, rimu, kifuniko na mabano) ya kilo 60, iliyokaa mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli zake. Inanyanyua kilo 30 kutoka magurudumu ya mbele (60 × 1.3 ÷ 2.6), na ya nyuma yanaongezewa 90, si 60. Usukani unakuwa mwepesi, springi za nyuma zinalala, taa za mbele zinamulika juu.

"Seti yoyote inafungwa kwenye bampa."
Mabano yafike kwenye chesi. Yakiishia kwenye bati la bodi, mtikisiko utalipasua kuzunguka matundu ya bolti. Kabla ya kutoboa, hakikisha buti itafunguka, tundu la mafuta litafikika, na namba na taa zitaonekana. Kila mwezi fungua kifuniko cha tairi upime upepo, maana vali imejificha. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lisilogusa lami huzeeka vilevile.