Kabla ya kununua usukani, nunua breki

Mjomba wangu ameendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku moja lori lake lilikuwa likibadilishwa tairi hapa Nakuru, akapanda ngazi kuja kunijulia hali kwenye chumba changu cha gemu. Nikamkalisha mbele ya kompyuta yenye kibodi tu, nikamwekea gemu ya magari ya Assetto Corsa na kigari kidogo kisicho na fujo. Kona ya kwanza akaingia kwenye changarawe. Ya pili akabusu ukuta. Ya tatu hakufika.

"Mjomba, shika breki polepole."

"Nishike polepole wapi, mpwa wangu? Hiki si kitufe? Hii gari haina breki, ina swichi."

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuziandaa kwa ajili ya gemu za magari, na bado sijamsikia mtu akiutaja ugonjwa wa kibodi kwa maneno machache kuliko hayo. Vijana wanaokuja hapa huniuliza jambo lile lile kila wiki: "Boss, nikipata stering'i si nitawapiga wote?" Wanamaanisha usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta. Huwa nawajibu kwa kuwauliza wao wanafunga breki vipi. Wengi hudhani ninakwepa swali.

Kitufe cha kibodi kina hali mbili tu, kimebonyezwa au kimeachwa. Mafuta yote au hakuna. Breki yote au hakuna. Swichi ya taa ndivyo ilivyo, na haina ubaya kwa taa. Gari halisi ni kama mfereji wa maji: unafungua kidogo, unaongeza, unapunguza. Na kinachohitaji mfereji zaidi ya vyote ni tairi. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na mshiko huo ndio unaogawanya kati ya kufunga breki na kukata kona. Fikiria mshahara: ukiutoa wote kwa kodi ya nyumba, usishangae unga ukikosekana. Ukifunga breki asilimia mia, hakuna kilichobaki cha kugeuzia gari. Utazungusha usukani upendavyo na gari litaendelea moja kwa moja hadi kwenye ukuta, kama lilivyomfanyia mjomba.

Mtu mjanja atasema, basi nitagonga kitufe mara kwa mara. Ni mbinu halali na kila mchezaji wa kibodi anaitumia. Ukigonga mara tano kwa sekunde, kila mbonyezo ukidumu sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hesabu umefunga breki nusu. Lakini tairi halijui wastani. Gemu ikichora fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, mbonyezo mmoja wa namna hiyo ni fremu sita nzima za breki kamili, kisha fremu sita za kutokuwa na breki kabisa. Kama gemu haikulainishii, tairi linafunga, linaachia, linafunga, linaachia. Ndiyo maana nawaambia wanaotumia kibodi wawashe ABS, msaada unaozuia tairi lisijifunge, bila kuona haya. Kuna watu hujitia ushujaa wa kuzima kila msaada halafu wanashinda jioni nzima wakiangalia nyasi.

Njia nyingine alinifundisha mjomba mwenyewe, ingawa yeye alikuwa akiongea kuhusu mteremko wa Salgaa. Anayeteremka pale na mzigo akitegemea breki peke yake anazichoma. Dereva mwenye akili anashuka gia mapema na kuiacha injini imshike. Kwenye kibodi, injini ndiyo breki ndogo uliyonyimwa. Achia mafuta mapema kuliko unavyodhani, shusha gia moja, halafu moja, na utapata ule upunguzaji wa kadiri ambao kitufe cha breki hakiwezi kukupa. Usishushe haraka mno ukiwa na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: yatajifunga yenyewe na mkia utakupita.

Kugeuza gari ni habari nyingine, na hapa kibodi si mbaya kama inavyosemwa. Ukibonyeza mshale wa kushoto, gemu haigeuzi magurudumu papo hapo hadi mwisho. Inayageuza taratibu kwa kasi iliyopangwa, na gemu nyingi hupunguza pembe hiyo kadiri gari linavyokwenda mbio. Kwa maneno mengine, programu imekuwa mkono wako. Ukishaelewa hivyo, kazi yako ni kumwambia huyo mwenye mkono afanye unavyotaka. Assetto Corsa, iliyotolewa na Kunos Simulazioni ya Italia mwaka 2014, ina marekebisho matatu yanayohusu hilo: usukani ugeuke kwa kasi gani, ugeuke kwa kasi gani ukitaka upande wa pili, na urudi katikati kwa kasi gani ukiachia. Mimi hupunguza la kwanza, nikaongeza la pili. La kwanza likiwa la haraka, gari linakuwa kama panzi. La pili likiwa la polepole, mkia ukitoka huwezi kuukamata, maana unapobonyeza upande wa pili usukani bado uko njiani kutoka ule wa kwanza. La tatu naliacha kama lilivyo na kulirekebisha baada ya mizunguko kumi hivi.

Kuna gemu ambayo mashabiki wa usukani hawapendi kuisikia kwenye mjadala huu: TrackMania. Miongoni mwa wachezaji wake bora duniani wamo wanaotumia kibodi, na si kwa umaskini. Gari la kule linavumilia mafuta yote na kona yote, na ushindi uko kwenye kubonyeza kwa wakati hasa unaotakiwa. Kitufe ni chepesi kuliko usukani wowote kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kibodi ni ya watoto, namuuliza kwanza anacheza nini.

Kibodi za bei nafuu zina kasoro moja ambayo watu huitupia lawama gemu. Ndani yake vitufe havina kila kimoja waya wake. Vimepangwa kwa mistari na safu, na ukibonyeza vitatu vinavyokutana vibaya kwenye mpangilio huo, kibodi inachanganyikiwa na kukitupa kimoja. Unashikilia mafuta, unageuza kushoto, unavuta breki ya mkono, na breki ya mkono haipo. Jaribu kwa kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia: shikilia herufi mbili unazotumia, bonyeza ya tatu, uone kama inatokea. Isipotokea, hamisha. Shift na Ctrl mara nyingi zimepewa njia zake zenyewe, kwa hiyo mimi huweka breki ya mkono huko. Hii imewaokoa wateja kadhaa kununua kibodi mpya, na mimi imeninyima mauzo kadhaa.

Kabla hujatoa pesa yoyote, jaribu kipanya. Nasema kweli. Live for Speed, gemu ya zamani ya Uingereza ambayo bado inakubali kompyuta kuukuu, inakuruhusu kugeuza gari kwa kipanya, na Assetto Corsa pia. Kipanya hakina hali mbili: ukikisogeza kidogo, magurudumu yanageuka kidogo. Kasoro yake ni kwamba hakirudi katikati chenyewe, itabidi mkono wako ujue katikati ni wapi. Siku mbili za kwanza utayumba kama aliyetoka kwenye busaa. Ya tatu utakata kona ndefu kwa ulaini ambao mishale haikuwahi kukupa. Ila breki bado ni kitufe, na hapo ndipo tunaporudi kila mara.

Sasa padi, kile kidhibiti cha gemu cha kushika kwa mikono miwili. Padi nzuri ina vifyatuo viwili chini ya vidole vya shahada, na hivyo ndivyo mali yenyewe. Kwenye XInput, mfumo wa Windows wa kusoma padi uliokuja pamoja na Xbox 360 mwaka 2005, kila kifyatuo kinasoma kuanzia 0 hadi 255. Kibodi inakupa hatua mbili za breki, padi inakupa 256. Mtu akihama kutoka kibodi kwenda padi na muda wake wa mzunguko ukashuka, atasifu kijiti cha kugeuzia, lakini ukikaa nyuma yake ukaangalia utaona kilichobadilika ni namna anavyoingia kwenye kona.

Ndiyo maana naogopa zile padi za USB zenye umbo la PlayStation 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi, vile vitufe vya chini vinavyoonekana kama vifyatuo ni swichi tupu. Umelipa pesa na breki yako ni ile ile ya kibodi, ila sasa iko kwenye plastiki inayonukia. Ukitaka kujua kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa za padi. Bonyeza kifyatuo taratibu. Mstari ukijaa polepole, nunua. Taa ikiwaka na kuzima, rudisha.

Kijiti nacho kina la kuangaliwa. Kinasoma hadi 32,767 kila upande, lakini Microsoft iliwapendekezea watengenezaji wa gemu wapuuze 7,849 za mwanzo za kijiti cha kushoto, ili kijiti kilicholegea kisitembeze gari chenyewe. Hiyo ni karibu robo ya mwendo wote, kwenye kitu ambacho kidole gumba hukisogeza umbali usiofika sentimita mbili. Ingia kwenye mipangilio na upunguze eneo hilo hadi pale gari linapoanza kuyumba lenyewe, kisha rudisha kidogo.

Jambo moja linalowasumbua wapenzi wa Richard Burns Rally. Gemu hiyo ni ya 2004, imetangulia XInput, kwa hiyo padi ya aina ya Xbox 360 ikisomwa kwa njia ya zamani, vifyatuo vyote viwili vinawekwa kwenye mhimili mmoja. Ukibonyeza mafuta na breki pamoja, vinafutana. Padi haijaharibika.

Usukani umebaki, na nimeuchelewesha makusudi. Wa maana unagharimu mbuzi kadhaa. G29 ya Logitech, mfano wa mwaka 2015, inazunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ina mota inayorudisha nguvu mikononi. Nguvu hiyo si mapambo. Tairi la mbele likikaribia mwisho wa mshiko wake, usukani unaanza kuwa mwepesi kabla gari halijateleza. Ni taarifa inayokufikia mapema kuliko macho. Mwenye kibodi anaitafuta kwa masikio, kwenye mlio wa matairi, na ndiyo sababu kifaa cha kwanza ninachomshauri mwenye kibodi ni hedifoni.

Kwenye vumbi taarifa hiyo inazidi thamani. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikafanyika Naivasha, humu humu kaunti yetu, na gemu ya EA Sports WRC ya 2023 ina Kenya ndani yake. Nimewaona vijana waliowahi kusimama kando ya njia wakila vumbi halisi wakijaribu kuiendesha kwa mishale. Wanamaliza, lakini kwa kusahihisha makosa tangu mwanzo hadi mwisho.

Lakini ukiniuliza pesa yako iende wapi, nitasema miguuni. Seti ya usukani wa kawaida na breki nzuri inamshinda mwenye usukani ghali na breki laini. Pedali za hali ya juu hupima nguvu unayokandamiza nayo badala ya umbali pedali ilipofika, na mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Kwa wasio na pesa hiyo, nakata kipande cha ndara kuukuu na kukibana nyuma ya pedali ya breki. Inakuwa ngumu kuelekea mwisho, na mguu unapata cha kushindana nacho. Rekebisha vipimo upya baadaye, la sivyo hutafika asilimia mia.

Na kiti kisiwe cha plastiki kwenye sakafu ya saruji. Mjomba aliporudi mwezi uliofuata nilimpa pedali. Alikanyaga breki kwa mguu wa lori, kiti kikarudi nyuma hadi mlangoni naye juu yake, mkono mmoja bado umeng'ang'ania meza. Gari kwenye skrini lilisimama vizuri kabisa. Sasa miguu ya kiti imefungwa kamba kwenye mbao za pedali.

Mwisho, vumbi la Nakuru. Pedali nyingi za bei ya kati husoma kwa potensiomita, kipimo kidogo kinachozunguka pedali ikikanyagwa, na vumbi likiingia utaona breki ikiruka yenyewe kwenye barabara iliyonyooka. Fungua joy.cpl ile ile, kanyaga polepole, uangalie mstari. Ukitetemeka, chomoa USB, fungua, puliza, nyunyiza dawa ya kusafishia saketi, zungusha kipimo mara ishirini hivi, acha ikauke. Nami nikifanya hapa, ni kazi ya nusu saa, na ndara naitoa bure.